Mpakato isiyopakatika: kisa cha mpwa wangu na laptop ya gemu

Jumamosi moja ya Machi 2025 mpwa wangu aliingia dukani kwangu na laptop yake ameifunga kwa taulo, ameikumbatia kama mtu aliyetumwa keki ya harusi.

"Shikamoo Anko. Hii kitu imevimba."

"Marahaba. Iweke hapa."

Akaiweka juu ya kioo cha meza, lakini haikutulia. Iliyumba kama kigoda kwenye sakafu mbovu, na tachipadi ilikuwa imenyanyuka kona moja kiasi kwamba ukibonyeza kulia inashuka kushoto. Niliizima, nikafungua skrubu za chini, nikaitoa betri taratibu kwa kipande cha kadi ya plastiki, maana ukitumia bisibisi hapo unacheza na moto. Ilikuwa nene kama maandazi mawili yaliyobebana. Nikaitoa nje, nikaifukia kwenye ndoo ya mchanga niliyoiweka kwa kazi hiyo.

Betri za namna hiyo naziona kila mwezi, hainishughulishi tena. Kilichonikaa kichwani ni swali aliloliuliza niliporudi ndani nikinawa mikono: "Kwa hiyo Anko, nilipigwa?"

Hakupigwa. Alichokinunua ndicho alichoambiwa ananunua. Ila swali lake wananiuliza watu wengi: hizi laptop kubwa za gemu, zinazouzwa kwa ahadi kwamba ukiwa nayo huhitaji tena kompyuta ya mezani, zinalipa? Nimeona nikieleze kisa chake chote, na pesa zake, kwa sababu nilikuwepo tangu siku ya kununua na sehemu ya makosa ni yangu.

Siku ya kununua

Ilikuwa Oktoba 2023. Alikuwa anaingia mwaka wa nne wa usanifu majengo, Chuo Kikuu Ardhi hapa Dar es Salaam, na laptop aliyokuwa nayo ilikuwa inalala kila akifungua Revit, programu ya kuchorea majengo. Mwaka wa nne ndipo wanapoanza kurenda kwa sana, yaani mchoro unaachiwa kompyuta iugeuze picha yenye mwanga, vivuli, miti na watu. Programu kama Lumion haina huruma na kadi ndogo ya grafiki. Na nisimfiche: alitaka pia kucheza gemu. Alipojaribu kunishawishi kwamba ni kwa ajili ya masomo tu, nilimwambia mimi ndiye niliyemtengenezea pedi mbili za kuchezea, asinizunguke.

Dada yangu, yaani mama yake, alikuwa amemkusanyia milioni nne. Mimi nilimshauri achukue kompyuta ya mezani pamoja na kilaptop chepesi cha mtumba cha kubeba darasani. Akakataa kwa hoja tatu. Ya kwanza, nyumbani ni Dodoma na kila likizo anarudi huko. Hilo boksi, ambalo wengi wetu tunaliita CPU, atalipandishaje basi? Ya pili, chumba chake cha kupanga Changanyikeni kilikuwa cha watu wawili na meza moja. Ya tatu ndiyo aliyoisema kwa nguvu zaidi: mgao. Wakati ule umeme ulikuwa unakatika saa nyingi kwa siku, kila mtu anakumbuka. "Laptop ina betri, Anko. Umeme ukikatika mimi naendelea."

Hoja ya kwanza ilikuwa nzito. Ya pili nayo ilikuwa na ukweli. Ya tatu ndiyo niliyopaswa kuikata palepale, lakini sikuikata vizuri. Nilisema tu "betri haitakaa", naye akasikia "betri haitakaa sana".

Tukaenda kwa jamaa wa Kariakoo anayeleta mzigo uliotumika kutoka Dubai. Tukaipata ya inchi 17.3, prosesa Core i7-11800H ya viini nane, RAM GB 32, kadi ya grafiki ya Nvidia, RTX 3080, yenye kumbukumbu ya GB 8. Kampuni siitaji, haina kosa la pekee. Nyingi za umbo lile ni hivyohivyo. Uzito kilo 2.9. Chaja ya wati 230, tofali halisi, karibu kilo nzima. Bei milioni tatu na laki tisa baada ya kubishana hadi adhuhuri. Dogo alitoka pale anatembea kama amepandishwa cheo.

Jina moja, chipu mbili

Hapa nikae kidogo, maana ndipo wanunuzi wengi wanapoachwa.

RTX 3080 ya laptop na RTX 3080 ya mezani zina jina moja, lakini si kitu kimoja. Ya mezani inatumia chipu inayoitwa GA102, ina viini 8,704 vya kukokotolea na inakula hadi wati 320. Ya laptop ni chipu ndogo zaidi, GA104, yenye viini 6,144, ambayo kwenye mezani utaikuta ndani ya kadi za daraja la 3070. Tena hiyo ya laptop mtengenezaji anaruhusiwa kuilisha umeme mwingi au kidogo kadiri mwili wa mashine unavyomudu kutoa joto. Iko inayopewa wati 80 na iko inayopewa zaidi ya 150. Stika ya nje ni ileile.

Halijaisha hilo. Kizazi cha RTX 40 kilipokuja, 4090 ya mezani ilikuwa na GB 24 na kula wati 450, wakati 4090 ya laptop ilikuwa na GB 16 na kikomo cha wati 175 hivi, ndani yake chipu ya ukoo wa 4080 ya mezani. Mwaka 2025, 5090 ya mezani ina GB 32 na wati 575. Ya laptop ina GB 24 na bado iko kwenye wati zilezile za laptop. Usimlaumu muuza duka kwa hilo. Fizikia ndiyo imekataa: wati 575 ni pasi ndogo ya nguo, na pasi huwezi kuiweka chini ya kibodi.

Ukiwa dukani, usiulize "ni 3080?" Uliza inapewa wati ngapi. Fungua dirisha jeusi la amri, andika nvidia-smi, halafu uangalie safu yenye herufi W. Kwenye nyingi itakuonyesha inakula ngapi na kikomo chake. Muuzaji akianza kukuharakisha usifungue, umeshapata jibu la namna nyingine.

Ya mpwa wangu ilikuwa ya wati 150. Kwa hilo tulipata bahati, tena nasema bahati kwa sababu siku ile hata mimi sikuangalia. Niliangalia wiki iliyofuata.

Betri ya mgao

Wiki ya pili umeme ulikatika saa mbili usiku, akiwa anarenda video ya dakika moja ya jengo la maktaba. Mashine ilipogundua chaja imekufa, ilijishusha yenyewe. Feni zikatulia, mwanga wa skrini ukapungua, na kazi iliyokuwa imebakiza robo saa ikaandika imebakiza saa moja na dakika. Dakika arobaini na kitu baadaye betri ilikuwa imekauka, video haijaisha, na kwa kuwa programu ilikuwa inaandika faili moja kubwa, hakupata hata nusu.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Betri yake ilikuwa ya wati-saa 90. Nyingi za laptop hizi huishia 99 na kitu, kwa sababu sheria za ndege zinakuruhusu kupanda na betri isiyozidi wati-saa 100 bila kuomba kibali cha shirika. Sasa gawanya mwenyewe: mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote inavuta zaidi ya wati 200. Tisini kwa mia mbili haifiki hata nusu saa. Halafu betri yenyewe haiwezi kumwaga umeme kwa kasi hiyo bila kuumia, ndiyo maana mtengenezaji anaishusha kadi kwa makusudi mara tu chaja inapotoka. Kwa hiyo ulichonunua kwa mamilioni kipo pale tu penye soketi. Ikiwa kwenye betri, una laptop ya kawaida yenye mwili wa jitu.

Kwa kuandika tu, huku kadi kubwa ikiwa imelala, ilimpa saa nne na ushee. Hizo hata laptop ya laki nne inampa.

Mgao wenyewe ulipungua baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha, Februari 2024. Kwa hiyo hoja aliyoisema kwa nguvu zaidi haikumfaa kitu mgao ulipokuwepo, na mgao ulipokwisha haikuwa na kazi tena.

Kubeba

Kiswahili kina neno zuri kwa mashine hizi, kompyuta mpakato, ya kupakatwa kama mtoto. Hii ukiipakata dakika kumi ikiwa inafanya kazi, mapaja yatakuita jina. Na hewa inaingia kwa chini. Ukiiziba kwa paja au godoro, umeiziba pua.

Wiki tatu za mwanzo aliibeba chuoni kila siku kwa bodaboda. Mashine, chaja, chupa ya maji na daftari vilikaribia kilo sita mgongoni, kwenye begi ambalo halikushonwa kwa kazi hiyo. Darasani soketi zilikuwa mbili kwa watu arobaini. Na feni zake zikiwaka, mhadhiri anageuka. Mwenzake wa chumbani alizoea kujifunika shuka gubigubi akisema ndani kuna pangaboi la pili ambalo halipoozi.

Wiki ya nne akaanza kuiacha nyumbani na kuandika kwenye simu. Mwezi wa pili alinipigia: "Anko, una kalaptop chochote kadogo?" Nikampa ya inchi 14, mtumba, laki nne na ishirini. Nilikaa kimya kwenye simu kwa makusudi, naye akasema, "Najua unachotaka kusema." Yaani ameishia kwenye mpango ule ule niliomshauri mwanzo, ya kukaa na ya kubeba, ila ile ya kukaa kailipia bei ya inayobebeka.

Mambo yangeishia hapo, ningesema kanunua vibaya na tufunge mjadala. Hayakuishia hapo.

Mwanza

Katikati ya 2024 alipangiwa mafunzo kwa vitendo Mwanza, wiki nane, kwenye ofisi ndogo ya wachora ramani wasio na kompyuta ya maana. Akasafiri na basi, mashine iko mapajani njia nzima imezimwa. (Kumbe ilipakatika, ikiwa imezimwa.) Kule akaiweka juu ya meza ya chakula kwa shangazi yake, akachomeka, akafanya kazi. Ofisi ilikuwa na mteja anayejenga hoteli kando ya ziwa, akitaka kuona jengo lake kabla ya kuchimba msingi. Dogo alirenda picha kumi na mbili na video mbili ndani ya siku tisa. Akalipwa milioni moja na laki mbili, pesa yake ya kwanza ya fani.

Kompyuta ya mezani ingekuwa Dar, chini ya meza ya Changanyikeni, inapata vumbi.

Na Dodoma ni hivyohivyo. Alikwenda na kurudi nayo mara nne katika miaka ile miwili, mbili za mwisho kwa treni ya SGR, ambayo safari zake za Dodoma zilianza Julai 2024. Mradi wa mwaka wa tano sehemu kubwa aliufanyia sebuleni kwa mama yake, kwenye meza ya kioo, huku mama akilalamika LUKU inakimbia. Nilimpimia siku moja kwa kidude cha kuchomeka ukutani: ikirenda ilivuta wati 215. Saa tano kwa siku ni kama uniti moja na kidogo, kama shilingi mia tatu themanini kwa bei ya kawaida ya nyumbani ya wakati ule, 356 hivi kwa uniti. Mashine ya mezani niliyokuwa nimemfikiria ingevuta kama 330. Dada yangu hakujua kwamba ameokolewa shilingi mia mbili kwa siku, na nilipomwambia hakushukuru.

Ninachokiona mimi ni kwamba mashine hizi si za kubebwa, ni za kuhamishwa. Kuna tofauti. Anayebeba anatoka nayo asubuhi na kurudi nayo jioni. Huyo zitamvunja mgongo na atazichukia. Anayehama anaichomeka mji mmoja kwa miezi mitatu, halafu mji mwingine kwa miezi miwili, na kila anapofika anakuta meza na soketi. Huyo hana kitu kingine cha kununua. Siku hizi anayeniuliza kama inamfaa, sianzi na gemu gani anacheza. Namuuliza kwa mwaka mashine italala siku ngapi nje ya mji anaoishi.

Joto, na kosa langu

Agosti 2024, aliporudi kutoka Mwanza, alisema mashine imekuwa nzito kufanya kazi na inapiga kelele zaidi. Prosesa ilikuwa inagonga digrii 97 hadi 100, na 100 ndicho kikomo cha i7 hiyo. Ikifika hapo inajipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Kadi ilikuwa 86. Nilipoifungua, kati ya feni na yale mapezi ya shaba nilikuta zulia dogo, la kijivu, limekaa vizuri kabisa kama limefumwa. Nikalishika ncha na koleo likatoka zima. Pamba ya blanketi, vumbi, unywele mrefu mmoja ambao sikuuliza ni wa nani. Alikuwa anachezea kitandani.

Nilisafisha, nikafuta pesti ya zamani ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka kama chokaa, nikaweka mpya, nikampa kistendi chenye feni. Prosesa ikashuka hadi 88, kadi 76, na video iliyokuwa inachukua dakika 41 ikachukua 33. Hakuna nguvu iliyoongezwa, ni ile aliyoilipia ambayo ilikuwa imezibwa. Kompyuta ya mezani nayo inaingia vumbi, lakini ina nafasi. Itakuvumilia miaka mitatu kabla haijalalamika. Hii haina pa kuvumilia. Kwa hali ya hewa ya Dar, chumba kikiwa digrii 32 na dirisha liko barabarani, mimi nasema ifunguliwe kila miezi minane. Asiyeweza kuifungua na hana fundi anayemwamini, aweke hilo kwenye hesabu yake.

Kosa langu ni la siku hiyohiyo. Laptop nyingi za aina hii zina mpangilio unaozuia betri isijae zaidi ya asilimia 80. Kwa mashine inayokaa kwenye chaja siku nzima, tena ya moto, huo ndio uhai wa betri, kwa kuwa inayoshikiliwa kwenye 100 huku inaokwa lazima ichoke. Nilikuwa nimeifungua, nimeishika, na sikuweka. Nilisahau. Miezi saba baadaye ikaja imefungwa taulo.

Kilichofuata kilinifundisha hata mimi. Betri ikiwa imetoka, tuliiwasha kwa chaja tupu tukidhani haitapungua nguvu. Si inatumia umeme wa ukutani? Iliwaka. Lakini gemu lililokuwa linakwenda kama maji likawa linakwenda kwa kujikwaa, na kurenda kukawa nusu ya mwendo. Sababu ni kwamba prosesa na kadi zikikurupuka kwa pamoja, kwa sekunde chache zinaomba zaidi ya wati 230 za chaja, na betri ndiyo inayojaziliza. Ikikosekana, mashine inajifunga kwa tahadhari. Betri ile, ambayo haikumfaa kitu wakati wa mgao, kumbe ilikuwa inafanya kazi kila siku umeme ukiwepo.

Betri mpya tuliisubiri wiki tatu. Ya kwanza iliyoletwa ilikuwa inajiita mpya lakini ilishika chaji kidogo kuliko ya zamani, nikairudisha. Ya pili, laki mbili na sitini, ndiyo iliyokaa. Katika hizo wiki tatu, zikiwa zimebaki siku chache awasilishe mradi, alirenda bila betri, polepole, na kwa kuogopa umeme kukatika akaazima UPS yangu, lile boksi la betri linaloshikilia kompyuta umeme ukikatika. Siku moja nilipita kumpelekea chakula kutoka kwa mke wangu, nikaikuta laptop imechomekwa kwenye UPS chini ya meza, na skrini kubwa ya kuazima pembeni, kibodi ya nje, maus. Tulitazamana tukacheka. Ilikuwa kompyuta ya mezani kwa kila kitu isipokuwa bei.

Pesa

Zote zilizotoka, kwa uaminifu: mashine 3,900,000. SSD ya pili, diski ya kuhifadhia kazi, 180,000. Kistendi 60,000. Kalaptop ka kubeba 420,000. Betri 260,000. Jumla 4,820,000. Ufundi wangu sikuuhesabu, mjomba halipwi.

Mpango wangu wa mwanzo, kwa bei nilizokuwa naziona Kariakoo mwaka ule: workstation ya mtumba (kompyuta ya mezani ya kazi nzito) yenye prosesa ya Xeon 900,000, kadi RTX 3060 ya mezani 850,000, skrini ya inchi 24 ya mtumba 220,000, kibodi na maus 40,000, UPS 280,000, kalaptop kalekale 420,000. Jumla 2,710,000.

Tofauti ni 2,110,000. Nisijipendelee: mashine yangu ingekuwa dhaifu kidogo. Xeon ya mtumba ingeachwa na ile i7, na 3060 ina mbio ndogo kuliko 3080 ya laptop. Lakini 3060 ya mezani ina GB 12 za kumbukumbu dhidi ya 8. Kwenye mradi wake wa mwisho, wenye bustani na miti mamia, GB 8 zilijaa, programu ikawa inafunga ghafla, akalazimika kuirenda bustani vipandevipande. Na kadi ya mezani unaichomoa, unaiuza, unaongeza pesa, unachomeka nyingine. Ya laptop imelehemiwa kwenye mazabodi, ilivyozaliwa ndivyo itakavyozikwa.

Wapo waliojaribu kuliondoa tatizo hilo. Mwaka 2019 Dell walitoa Alienware Area-51m, laptop yenye prosesa ya mezani ya kuchomeka na kadi ya grafiki inayotoka, ya umbo lao wenyewe. Wazo zuri. Kadi za RTX 30 zilipokuja, hazikutolewa kwa umbo hilo. Na kabla yao, 2017, Acer waliuza Predator 21 X, skrini ya inchi 21 iliyopinda, kadi mbili, chaja mbili, zaidi ya kilo nane, karibu dola 9,000. Hiyo hata kuhamishwa sijui nani aliihamisha.

Rudi kwenye zile 2,110,000. Gawa kwa safari tano alizosafiri nayo, nne za Dodoma na moja ya Mwanza: 422,000 kwa kila safari. Karibu sawasawa na bei ya kale kalaptop ka kubeba, kila mara anapofunga begi. Toa 1,200,000 za Mwanza ambazo bila mashine asingezipata, inabaki kama laki tisa, au laki moja na themanini na kitu kwa safari. Kwa mwanafunzi ambaye mradi wake wa mwisho ulitengenezwa sebuleni Dodoma, mimi sioni kama ni hasara. Angekuwa hana Mwanza, ningesema kingine. Na angekuwa mtoto wa Dar anayeishi kwao Mbezi, ningemnyang'anya pesa mkononi siku ile ile.

Baada ya chuo

Alimaliza Julai 2025. Akapata kazi kwenye ofisi moja Mikocheni yenye kompyuta zake za mezani, nzito kuliko yake. Akahamia chumba chake mwenyewe Sinza. Laptop ikawekwa juu ya meza, ikaunganishwa na skrini, mfuniko ukafungwa nusu. Miezi minne haikutoka pale. Likizo yake ya kwanza alikwenda Dodoma siku tano akaiacha. Hakuwa na kazi ya kufanya kule.

Alinipigia Novemba. "Anko, niuze?"

Nilimwambia auze kabla haijatimiza mwaka mwingine. Ile sababu ya kuhama iliyomfanya ainunue ilikuwa imebaki chuoni, naye sasa alikuwa anamiliki kompyuta ya mezani yenye feni zinazopiga kelele, GB 8 zisizoongezeka, na betri nyingine inayookwa taratibu. (Hiyo ya pili niliiwekea asilimia 80. Niliangalia mara mbili.) Kwa atakachopata angejenga ya mezani iliyo bora na chenji ikabaki. Alisitasita. Kifaa ulichofanyia kazi yako ya kwanza hakiachiki kirahisi, hata fundi analielewa hilo. Mimi bado ninayo bisibisi yenye mpini uliopasuka.

Mteja alikuja dukani wiki mbili baadaye, binti wa mwaka wa tatu, fani ileile, kwao Bukoba. Mpwa wangu alitaka milioni mbili. Kabla hajafungua mdomo kusifia chochote, nilimuuliza binti mwaka uliopita alirudi kwao mara ngapi na alikaa muda gani kila alipokwenda.

"Mara mbili. Miezi mitatu, halafu mwezi na nusu."

"Na darasani unabeba nini?"

Akanionyesha kalaptop kembamba kwenye pochi yake, kamebandikwa stika za maua.

Nikamsogezea ile kubwa. Akaiinua kwa mkono mmoja, akairudisha mezani, akaiinua tena kwa miwili. Akaishika hivyo kidogo, kama anayepima mtoto wa jirani.

"Na chaja yake?" akauliza.

Nikaitoa chini ya meza, nikamwekea juu ya mikono.